Skrini Tatu za Kupanda Nazo Basi

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani akiwa na karatasi ya bei aliyoandikiwa katika duka moja la Luthuli Avenue. Ilikuwa na kipakatalishi kipya, skrini mbili za kukunjwa zinazobanwa ubavuni mwake, kibodi yenye taa za rangi na begi la kubebea vyote hivyo, jumla shilingi 186,000. Anasafiri kwenda Kisumu kwa wiki mbili, kwa arusi na mambo mengine ya ukoo, na hataki soko la fedha za kigeni na dhahabu, analofanyia biashara mtandaoni, limpite akiwa huko. Nilimuuliza akaunti yake ina kiasi gani. Akazungusha kikombe cha chai mara mbili, akasema, “Dola mia tatu, Shangazi, lakini inakua.”

Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wale vijana wanaojirekodi ufuoni Diani, miguu mchangani, skrini tatu mbele yao na jua la saa saba likizimulika, kana kwamba yupo binadamu aliyewahi kusoma chati katika jua hilo. Ukiwatazama vizuri, hutaona waya hata mmoja unaoingia mahali popote. Nadhani kituo chao chote cha kazi kinaendeshwa na upepo wa bahari. Mwisho wa video unaambiwa ulipie kozi, na katika kozi hiyo, kwa jinsi mpwa wangu anavyonisimulia, hakuna somo linalouliza jambo ambalo msafiri angeuliza kwanza: vifaa hivi vikizimika ghafla, oda iliyo wazi, yaani biashara uliyoianza na hujaifunga, inalindwa na nani?

Jibu lake nililipata kwenye Barabara ya Mombasa. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Marekani kwa kawaida hutoa takwimu za ajira, zile zinazoyumbisha bei, nazo hutoka saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu wakati wao wako katika saa za kiangazi. Mtu mwenye busara angekuwa ameketi mahali penye umeme, au angekuwa hana oda yoyote. Mimi nilikuwa ndani ya basi, kiti cha dirishani, kipakatalishi magotini, na kando yangu mama mmoja aliyekuwa akimenya machungwa na kuniambia pole kila tuliporuka tuta. Tulikuwa tumeshaipita Mtito Andei. Nilikuwa nimenunua dhahabu loti 0.10, kiasi ambacho bei ikisogea dola moja, akaunti husogea dola kumi. Amri ya kukata hasara, inayoifunga oda bei ikishuka hadi pale ulipotaja, niliiweka dola nane chini ya bei niliyoingilia, na juu ya hiyo nikaweka ile amri ya kufuata bei, ambayo ilipaswa kupanda nyuma ya bei kwa umbali wa dola tano na kunifungia faida njiani. Nilijiona mjanja sana. Dakika chache kabla ya takwimu kutoka, vile vijistari vya mtandao kwenye pembe ya chini ya programu vikawa vyekundu, na kuanzia hapo hadi tulipokaribia Voi sikuwa na laini hata moja iliyoshika.

Simu iliposhika, oda ilikuwa imekwisha kufungwa kwa hasara ya dola 80. Nilipoitazama chati, nikaona kwamba bei ilikuwa imepanda dola 17 juu ya pale nilipoingilia, kisha ikateremka yote na kupitiliza. Kama amri ya kufuata bei ingefanya kazi, ningetoka na faida ya dola 120 hivi. Haikufanya kazi kwa sababu katika MetaTrader, programu ninayofanyia biashara, iwe ya 4 au ya 5, amri hiyo haikai kwa broka, yaani kampuni inayokufikisha sokoni. Inakaa ndani ya programu iliyo kwenye mashine yako, na mashine isipoifikia seva, yaani kompyuta ya broka, hakuna wa kuisogeza. Inayohifadhiwa kwenye seva ya broka ni ile ya kawaida, uliyoitajia bei yake, na ndiyo iliyonikata. Nilikuwa nimezitumia zote mbili kwa miaka minne bila kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa nyumbani mtandao haukuwahi kupotea katika dakika ambayo ingenifundisha. Yule mama alinipa chungwa bila kuniuliza chochote.

Kwa hiyo fedha za kwanza za msafiri, na hapa ndipo mpwa wangu alipoanza kununa, zisiende Luthuli. Ziende kukodi seva, yaani kompyuta iliyo katika jumba la seva London au New York, karibu na seva za broka, ambayo ndani yake programu inawaka usiku na mchana hata kama wewe umesinzia ukipita Gilgil. Amri ya kufuata bei ikiwekwa huko, huko ndiko inakotekelezwa. Kipakatalishi chako kinabaki kuwa dirisha la kuchungulia tu. Kikizima, kikiibwa au kikimwagikiwa chai, kazi inaendelea, na unaweza kuingia kwenye seva hiyo hiyo kwa simu na kukuta kila kitu kilivyokuwa. Kodi yake ya mwezi haifikii hata kidogo bei ya skrini moja ya kukunjwa, na wapo broka wanaoitoa bure kwa mteja anayefanya biashara ya kiasi fulani. Na kwa kazi ya kuchungulia, mashine ya mtumba yenye betri nzima inatosha kabisa.

Anayedhani kwamba hayo ni matatizo ya nyika ya Tsavo peke yake amesahau upesi. Ijumaa ya Agosti 25, 2023, baada ya saa tatu usiku, umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, wakati soko la fedha za kigeni lilikuwa bado na zaidi ya saa mbili kabla ya kufungwa kwa wikendi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kubembeleza. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ulizorota mchana wa Jumanne, soko likiwa wazi. Mimi hubeba laini mbili za kampuni mbili tofauti na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, lakini siku zile za Mei laini zangu zote mbili zilikuwa zikinywa mto mmoja.

Tuje kwenye umeme, ambao skrini hizo huunywa kama ngamia. Chukua kipakatalishi chenye betri ya wati-saa 50 kinachotumia wati 15: kitawaka zaidi ya saa tatu. Kibandike skrini mbili za wati nane kila moja, zote zikinyonya betri hiyo hiyo, na umebakiwa na saa moja na nusu hivi, ambayo haikufikishi Nakuru ikiwa kuna foleni Rironi. Tundu la chaji kwenye kiti cha basi ni la simu, na hata simu hulilalamikia. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, nayo inaruhusiwa kwenye ndege, mradi ikae kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ile ya 30,000 inavuka kikomo cha wati-saa 100, na hapo ni lazima uombe ruhusa ya shirika la ndege. Mpwa wangu alikuwa hajaandika pawabenki ya aina yoyote kwenye karatasi yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata amri iliyo kwenye seva si ukuta wa mawe. Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuizuia faranga isipande bei dhidi ya yuro, watu waliokuwa wameweka amri zao sawasawa walikatwa mbali sana na bei walizozitaja, wengine wakabaki wakidaiwa na broka wao. Nakubali pia kwamba skrini moja ya ziada ni nzuri kwa kazi ya jioni, unaporudia chati za wiki ukiwa umeketi mezani. Shingo yangu yenyewe inaiunga mkono hoja hiyo. Lakini mezani, si kwenye basi, na si kwenye matatu iliyokwama Globe dirisha likiwa wazi.

Yapo mengine madogo. Kenya haibadilishi saa, Marekani na Uingereza hubadilisha, na hazibadilishi wiki moja. Soko la hisa la New York likifungua saa kumi na nusu jioni leo, huenda baada ya miezi michache likafungua saa kumi na moja na nusu, na ukiwa Kigali punguza saa moja tena. Namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi haitakufikia ng'ambo ikiwa laini yako ya nyumbani haipati mtandao huko. Na namba ya simu ya broka iandikwe kwenye karatasi, kwa kalamu.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo baba yake hajawahi kulifanya. Akachukua kalamu, akaikata kibodi yenye taa. Baada ya kufikiri kwa muda mrefu, akaikata skrini moja. “Hii nyingine, Shangazi, tuiache kwanza,” akasema, kisha akaniomba ruta yangu ya zamani. Nimempa, pamoja na pawabenki. Basi lake linaondoka Alhamisi asubuhi, na ile amri ya kufuata bei nilimfanya aiondoe nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.