Nzuri, ila

Nilipokuwa likizo nyumbani Tandika, nilimpigia mama mdogo anayekaa Kigamboni kumjulia hali. "Habari za huko?" Akajibu, "Nzuri, ila mjomba wako kalazwa, toka juzi hajitambui." Niliondoka saa ileile. Kwenye daladala, tunavuka Daraja la Nyerere, lile "nzuri" lilikuwa bado limenikaa masikioni. Nzuri gani hiyo?

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama unatoka kuzika. Kutoka kwetu mpaka dukani naulizwa maswali kumi: umeamkaje, watoto je, kazi, za toka juzi, na yote yana jibu moja. Nimekaa nje miaka kumi na moja na maswali hayo nimeyakosa kiasi cha kulia. Kule ninakoishi unaweza kupanda lifti na jirani mwaka mzima asikuulize umelalaje. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani nayadharau. Ila nina neno juu yake, na nimelipata mahali nisipopategemea.

Birmingham nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mmoja wao, bibi wa miaka tisini na ushee, aliniomba Jumapili moja nimsukumie kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye ibada yao. Ni Mkweka, muumini wa dhehebu la Kikristo ambalo kwa Kiingereza huitwa Quaker. Wenyewe hujiita Marafiki, watu waliotokana na mahubiri ya George Fox huko Uingereza katikati ya karne ya 17. Mimi ni mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, nimezoea kwaya tatu, matangazo, bahasha za ahadi, na mnada wa kuku na mayai nje ya kanisa baada ya ibada. Pale sikuona madhabahu wala mchungaji. Viti vimezunguka meza yenye chombo cha maua, watu wamekaa kimya. Dakika kumi, ishirini. Mtu akisukumwa na Roho husimama akasema machache, asiposukumwa mtu basi saa nzima inapita hivyohivyo.

Siku ile alisimama mwanamume mmoja na kijitabu chekundu, akasoma swali. Kwa maneno yangu lilikuwa hivi: je, wewe ni mkweli katika kila unalosema na unalotenda? Akaketi. Nikasubiri mtu ajibu, au aeleze, au atuombee. Hakuna. Swali liliachwa pale katikati yetu kama mgeni aliyekaribishwa kiti, mpaka wazee wawili waliposhikana mikono kuonyesha kwamba ibada imekwisha.

Nililala nalo usiku ule nikiwa zamu. Nilikumbuka simu zangu za nyumbani kwa miaka mingi: "Huku nzuri kabisa, mama." Miaka miwili ya mwanzo haikuwa nzuri hata kidogo. Nilikuwa nalala chumba kimoja na wenzangu watatu, na hela niliyotuma ya bati za nyumba ilikuwa ya mkopo. Hakuna aliyenilazimisha kuficha. Nimeulizwa kila wiki na kila wiki nimejibu nzuri, kwa sababu swali lenyewe lilikuja na jibu lake mkononi.

Kijitabu kile kina vipengele 42 vya mawaidha na maswali, na toleo wanalotumia Uingereza lilipitishwa mwaka 1994. Lakini mazoea yenyewe ni ya zamani sana, na chimbuko lake ndilo lililonishika. Mwaka 1682 mkutano wao mkuu wa London uliuliza mikutano ya mikoani mambo matatu: wahudumu gani wamefariki, ndugu gani wamefia gerezani kwa ajili ya imani, na ukweli unaendeleaje huko kwenu. Wakati ule Wakweka walifungwa kwa maelfu, kwa kukusanyika na kwa kukataa kuapa, maana walisema mtu mkweli hana ukweli wa mahakamani na mwingine wa sokoni. Yaani swali lao lilianza kama letu, ndugu anamtafuta ndugu: mpo? nani katutoka? Karne zilipopita likageukia ndani, mtu akawa anajiuliza mwenyewe.

(Kwa ukweli huohuo wafanyabiashara wao walikataa kupatana bei, wakaweka bei moja kwa tajiri na kwa mtoto aliyetumwa. Hapo mimi siwafuati. Mama wa Kariakoo akinitajia kitenge elfu arobaini na sote tunajua kitaishia thelathini, hajanidanganya. Tunaongea.)

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana kuna Watanzania wenzangu huko nje wakishaonja kitu cha kigeni wanarudi kutuambia sisi kelele tupu. Kwenye ibada ileile kulikuwa na mzee aliyezoea kukaa mkabala na sisi pamoja na mkewe. Jumapili moja akaja peke yake. Na iliyofuata. Ya tatu, wakati wa chai, ndipo tukasikia kwamba mke amefariki na amezikwa, watu wachache tu wakiwa na habari. Wana ndugu walioteuliwa kufuatilia hali za wenzao, na ni watu wema, lakini mzee hakusema na wao hawakutaka kumwingilia. Nililia ndani ya basi. Tandika, kabla ya magharibi turubai lingekuwa limefungwa, viti vya plastiki vimeshushwa, daftari la rambirambi lipo mezani na kina mama wako kwenye masufuria. Angeulizwa na kila aliyeingia mlangoni. Angejibu nzuri, ila. Kwenye lile "ila" ndipo tungemshikia. Kimya kilichonipa mimi nafasi ya kujiona ndicho kilichomwacha yeye na jiko baridi.

Wala msidhani Ukweka ni kimya cha Wazungu tu. Nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote duniani ni Kenya, jirani hapa, na kwao ibada ina mchungaji, nyimbo na ngoma. Wamisionari watatu wa Kimarekani walianzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Na kwetu walitangulia kabla ya hapo: mwaka 1897, mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walifungua misheni Pemba, pale Banani karibu na Chake Chake, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Nimesoma Dar shule ya msingi mpaka sekondari, sikuwahi kulisikia hilo. Nimelisikia Birmingham.

Basi nilipokuwa likizo nilimwomba mzee wa kanisa anayeongoza jumuiya ya mama, kikundi chao cha sala cha mtaani, aniachie dakika tano baada ya neno. Mama aliingiwa na hofu. "Mnakaa kimya, hamna mchungaji, hamuimbi. Hao si Freemason?" Nikamweleza taratibu, na nadhani alikubali kwa sababu ni mwanawe. Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa jirani, watu kumi na wanne, nikasoma swali nililolitunga mwenyewe: ni jambo gani umelibeba peke yako wiki hii? Nikawaomba wasijibu.

Hatukumaliza dakika tano. Bodaboda zilipita, mtoto aliuliza kwa nini watu hawaongei, na kwenye dakika ya tatu mama mmoja akaanzisha pambio kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia. Sikuudhika. Naona ndiyo namna yetu ya kutomwacha mtu peke yake humo ndani.

Tulipokuwa tunaosha vikombe, mama mmoja alisogea karibu yangu. Ameniruhusu kusimulia bila jina lake. Mwanawe ameachishwa kazi toka Januari. Kila asubuhi anavaa shati, anapiga viatu rangi, anatoka, anashinda Mnazi Mmoja mpaka jioni ili majirani wasijue. Miezi saba ameulizwa "habari za kijana?" na amejibu nzuri. "Leo hamkutaka nijibu," aliniambia, mikono bado iko kwenye povu, "ndiyo maana nimeweza."

Sitaki jumuiya iwe mkutano wa Birmingham. Salamu zetu ziachwe zilivyo, zote kumi. Ninachoomba ni swali moja tu kwa wiki ambalo halina jibu la mdomoni, na dakika tatu za kulisikia, kisha pambio.

Nimeshasafiri. Juzi mama kanipigia kwamba mzee wa kanisa amesoma swali jingine, wamekaa kimya, safari hii hata mtoto alinyamaza. Nikamuuliza habari za hapo nyumbani. Akakaa kidogo bila kusema.

"Goti linaniuma," akasema. "Linaniuma toka Pasaka."