Programu Inayokataa Kuwaka

Wasanidi wengi huichukia programu ya wavuti inayokataa kuwaka. Huiona dhaifu: kwa nini mpangilio mmoja uliosahaulika uzuie huduma nzima, ilhali kurasa nyingi zingefunguka bila huo? Hoja hiyo ina uzito, ila haiulizi ni nani atakayeligundua kosa, wala saa ngapi.

Tuchukue ufunguo wa huduma ya malipo (neno la siri la kuitambulisha programu) ambao haukuwekwa kwenye seva. Programu iliyoandikwa kwa uvumilivu hulidaka kosa, huandika mstari mmoja wa onyo kwenye logi (kumbukumbu ya matukio ya programu), kisha huwaka. Ukurasa wa mwanzo unafunguka, kipimo cha afya kinajibu 200 (yaani mambo ni sawa), na aliyepandisha toleo jipya anakwenda kulala. Saa nane za usiku mteja anabonyeza kitufe cha kulipa, anapata 500 (hitilafu ndani ya seva). Ujumbe wa kosa unalalamikia thamani tupu ndani ya faili la malipo, mbali kabisa na mahali ufunguo ulipopaswa kusomwa, na lile onyo limekwisha kufukiwa na maelfu ya mistari. Kosa ni lile lile, ila limemhama aliyelifanya likamwangukia asiyehusika. Lau programu ingesimama papo hapo na kuutaja ufunguo unaokosekana, Kubernetes (mfumo wa kusimamia programu kwenye seva), inayobadilisha nakala za programu hatua kwa hatua, ingeziacha za zamani ziendelee kuhudumia, na mteja asingejua lolote. Node.js (jukwaa la kuendeshea JavaScript kwenye seva) nayo ilielekea huko mwaka 2020: tangu toleo la 15, ahadi (promise, yaani kazi ambayo matokeo yake yanasubiriwa) iliyoshindwa bila kushughulikiwa huizima programu badala ya kuishia kwenye onyo.

Upande wa pili una haki pale hifadhidata inapopotea kwa nusu dakika. Programu inayojizima kila mara huwashwa upya na Kubernetes baada ya sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi kufikia dakika 5. Hifadhidata inaweza kuwa imerudi zamani, programu ingali inasubiri zamu yake. Hapo ni heri ibaki hai, ijaribu tena, na ijibu 503 (huduma haipatikani kwa sasa) ikiulizwa kama iko tayari.

Taabu ni kwamba hifadhidata isiyoitika na ile iliyoitika ikalikataa nenosiri mara nyingi hudakwa na msimbo ule ule wa programu. Ya kwanza ni ya kusubiriwa. Kwa ya pili, jibu halibadiliki hata ukibisha hodi mara mia, na mifumo mingine imewekwa iifunge akaunti baada ya majaribio machache tu.