Filimbi ya Kwenye G

Staili za Yamaha, yaani midundo ambayo kinanda hujipigia chenyewe kumsindikiza mpigaji, hurekodiwa kwa kodi moja (nota kadhaa zinazolia pamoja), kwa kawaida CMaj7, kodi ya C. Kinanda chenyewe ndicho huzihamisha nota kila mkono wa kushoto unapobadilisha kodi. Besi ihame, gitaa lihame, ngoma zisihame hata kidogo. Kijana aliyetutengenezea staili ya sebene kwenye kompyuta alilijua hilo nusu.

Chaneli za staili ni 8, kuanzia 9 hadi 16, na kila moja ina kanuni zake kwenye sehemu iitwayo CASM. Ngoma zinataka NTR, kanuni ya kuhamisha nota, iwe Root Fixed (zisifuate kodi), na NTT, jedwali la kuzibadilisha, iwe Bypass (lirukwe). Chaneli 10, yenye kiki na snea, ilipata zote mbili. Chaneli 9, yenye tumba na kengele, ilipewa Bypass tu. NTR ikabaki Root Trans (zifuate kodi), na High Key, kodi ya mwisho ambayo nota hupanda kuifuata kabla ya kuanza kushuka, ikawekwa B. Akaijaribu kwa C, na kwa C hakuna nota inayohama. Basi ilipiga safi ajabu, nikaletewa kwenye flashi siku yenyewe ya harusi.

Maharusi wanaingia ukumbini. C, raha tupu. Kwenye chaneli za ngoma kila namba ya nota ni ala yake. F, kila nota ya chaneli 9 ikapanda 5: kengele, nota 56, ikawa 61, yaani bongo, tumba za 62 na 63 zikawa 67 na 68, agogo. Kengele imekuwa ngoma, ngoma imekuwa kengele. Nikajipa moyo kwamba nani atajua?

Ikaja G. Nota zikapanda 7. Tumba nene, 64, inayopigwa mara mbili kila mwisho wa ba, ikatua 71. Na 71, kwa General MIDI, orodha ya pamoja ya sauti za vinanda, ni filimbi fupi.

Pi-pi!

Wapambe wote wakaganda, mguu mmoja juu. MC naye: "Jamani, trafiki katokea wapi?" Narudi C, wanatembea. G, pi-pi, wanaganda. (High Key ingekuwa F#, G ingeshuka 5 badala ya kupanda, 64 ingekuwa 59, toazi tu, na tungeingia kistaarabu.)

Dawa ya haraka ni kuzima Rhythm 1, yaani chaneli 9, kwa kitufe chake. Kidole kilishafika pale, lakini bibi harusi alishaanza kuweka pozi kila filimbi ikilia, vigelegele vimejaa ukumbi, na shangazi wa bwana harusi amenikazia macho: "We kijana, hebu gusa hapo nikuone!"

Jumatatu NTR ikawekwa Root Fixed, tumba zikarudi kuwa tumba. Ila wapambe wa harusi iliyofuata waliulizia filimbi yao, kwa hiyo nota 71 imeandikwa makusudi kwenye Main D, sehemu moja ya staili, peke yake. Sasa inalia hata kwenye F.