Kwetu anapimwa binti, huku anakaguliwa mtu mzima

Likizo ikiisha, zipo sekondari kwetu kusini mwa Tanzania ambako wasichana hupangwa foleni kupimwa mimba. Anayekutwa nayo ndiye anayebanwa maswali: nani, wapi, tangu lini. Watu wazima waliomzunguka muda wote huo, mwalimu wa twisheni, mlinzi, mpishi, bodaboda wa kila asubuhi, hawajawahi kupangwa foleni yoyote. Mimi ni mtu wa Newala, mkoani Mtwara, nafanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi mjini Leicester, Uingereza. Mengi ya huku yabaki hukuhuku, baridi yao wakae nayo. Hili la kumkagua mtu mzima kwanza natamani lihamie Mtwara hata kesho.

Kabla sijakabidhiwa aproni nilijaza fomu ya cheti wanachokiita DBS, cha kuonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu: anwani zote nilizokaa kwa miaka mitano, na kila jina nililowahi kulitumia. Kwa kuwa nimetoka nje ya nchi, wakataka pia cheti cha tabia njema cha Polisi Tanzania, kile cha kuchukuliwa alama za vidole. Yaani mpishi wa maharage na viazi! Lakini ndipo nilipojiuliza: karatasi hii inatoka kwetu, muhuri ni wa kwetu, mbona wengi wetu tunaikumbuka siku ya kutafuta viza tu? Hao wanaoajiriwa kulinda au kupika kwenye hosteli za wasichana, sijamsikia hata mmoja aliyeambiwa ailete.

Msidhani Waingereza wamezaliwa na akili hiyo. Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham, mtunza majengo wa sekondari aliwaua watoto wawili wa kike wa miaka kumi. Baadaye ikabainika kwamba polisi wa mkoa mwingine walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa ya ngono juu yake, ila habari hazikumfuata alipohama. Tume ikaundwa, ripoti ikatoka 2004, na ukaguzi wa leo umekua kutokana na aibu ile. Ugonjwa wao ulikuwa ni huu huu wetu: mtu kuhama na madoa yake yakabaki nyuma.

Sisi kuhamisha tumekufanya dawa. Kuna binti wa jirani yetu, alikuwa kidato cha pili. Maneno yalipoenea kuhusu mwalimu mmoja, wazee walikaa, baba akapozwa kwa fedha msimu wa korosho ulipochanganya, na mwalimu akapata uhamisho kwenda kata nyingine. Binti akabaki nyumbani. Huko alikohamia mwalimu kuna mabinti wengine, na mkuu wa shule aliyempokea hakuambiwa kitu.

Sheria ninaijua, msinikumbushe. Tangu marekebisho ya 2016, anayempa mwanafunzi mimba kifungo chake ni miaka 30. Ni adhabu nzito na siidharau. Lakini inangoja tumbo. Kabla ya tumbo kuna miezi ambayo kila mtu anaona na hakuna anayeandika. Tena uzito wenyewe unawafunga watu midomo: nani amtaje mkwe, binamu, au mwalimu pekee wa hesabu shuleni, ajue anampeleka jela miaka 30? Basi yanaishia chini ya mwembe.

Huku kuna daftari la mambo madogo. Simaanishi jinai, namaanisha yale yanayomfanya mtu ajikune kichwa. Mwenzangu mmoja, mama mtu mzima na roho nzuri, alimpa mtoto lifti siku ya mvua kwa sababu mzazi alichelewa. Hakugombezwa wala hakusimamishwa. Aliitwa na mwalimu mwenye dhamana ya usalama wa watoto, akaeleza, ikaandikwa mistari michache na tarehe, akarudi kuosha masufuria. Alinuna wiki nzima, na mimi nilimwelewa. Ila siku jina la mtu likiandikwa mara ya tatu, mara ya nne, ndipo hilo daftari linapoanza kusema.

Sasa chukua kwetu. Mwalimu anamwambia binti, «nipelekee madaftari nyumbani». Au akamchotee maji. Au abaki peke yake kwa twisheni ya jioni. Sote tumebeba madaftari hayo, na walimu wengi hawana baya lolote, wamechoka tu. Ndiyo maana yule mmoja mwenye nia mbaya haonekani, kwa kuwa anafanya kile wanachofanya wote.

Na hapo sijagusa mageto. Shule ya kata iko mbali, mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule, kisha korosho zikianza kudondoka familia inahamia shambani kuziokota. Binti wa miaka 15 anabaki na kibatari na unga wa wiki mbili. Watu wa mijini wakisikia habari zetu wanakimbilia kuulaumu unyago. Unyago una ya kujadiliwa, sikatai, lakini mwenye nyumba anayegonga mlango wa mpangaji wake usiku hakutumwa na kungwi.

Huku nako wamezidisha mengine. Mtoto analia, mwanamume mzima anasita kumshika bega, anaangalia kwanza kama kuna mtu anamwona. Hilo silitaki kwetu.

Ninachokitaka hakihitaji mfadhili. Kikao cha wazazi cha mwezi ujao, kabla ya michango ya chakula, mtu asimame aulize: kauntabuku la mambo madogo linakaa kwa nani, na huyo akiwa ndiye anayelalamikiwa, tunampelekea nani? Mwalimu akihamia hapa, mkuu alimpigia simu mkuu aliyemwachia? Kwenye ukuta wa darasa la tano namba 116, simu ya mtoto ya bure, imeandikwa kwa herufi za kusomeka? Na dada zangu mnaoniandikia WhatsApp kwamba nimekuwa mzungu, nendeni mkaulize kwanza, halafu mniambie mwenyekiti wa kamati ya shule amejibu nini.