Umeme wa tope tusiupime kwa pasi

Mtu wa Dar es Salaam akisikia tope linatoa umeme, huuliza kwanza: litapiga pasi? Halitapiga. Elektrodi, yaani kipande cha kupokea umeme, ya mita moja ya mraba iliyozikwa kwenye tope la pwani hutoa takriban miliwati 20. Taa ya wati 5 ingetaka mita za mraba 250; pasi ya wati 1,000 ingetaka viwanja saba vya mpira. Anayesema kwa matumizi ya nyumbani afadhali sola, sibishani naye.

Ila tope lina kazi yake. Shuka karibu na daraja la Selander maji yakiwa yamekupwa, ufukue kidogo kwenye mikoko: ni jeusi, linanuka mayai viza. Oksijeni haifiki humo. Bakteria kama Geobacter, aliyepatikana mwaka 1987 kwenye tope la mto Potomac, Marekani, hula mabaki yaliyooza na kutoa elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme, nje ya miili yao. Wakikuta elektrodi ya grafiti, kaboni kama ya ndani ya penseli, huziachia hapo. Waya huzipeleka kwenye grafiti nyingine iliyo kwenye maji yenye oksijeni, na umeme hutembea usiku na mchana.

Sasa tuzirudie zile miliwati 20. Kwa saa moja ni jouli 72 za nishati. Kifaa cha kupima kina cha maji hulala karibu muda wote. Kikiamka kutuma ujumbe wa simu, tuseme kinakula wati 2 kwa sekunde 10, yaani jouli 20. Hata nusu ikipotea katika kupandisha volti, maana seli moja, yaani jozi moja ya elektrodi, haifikishi hata volti moja, bado ujumbe wa kila saa unakwenda na chenji inabaki. Mwaka 2008 watafiti wa jeshi la majini la Marekani walieleza jinsi boya lao la hali ya hewa lilivyoendeshwa na tope. Kwa watu wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, ambao mto Msimbazi ukifurika huwafuata usiku wakiwa wamelala, ujumbe huo ni muda wa kubeba watoto.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: maji ya Msimbazi yamejaa taka, oksijeni yake hupungua, na elektrodi ya juu, ile ya majini, haifanyi kazi bila oksijeni. Mafuriko nayo huja na mchanga. Ndiyo maana ningeanzia mdomoni mwa mto, ambako bahari huingiza maji mapya kila siku na chumvi yake hurahisisha umeme kupita. Watafiti wafunge kifaa kimoja cha tope na kimoja cha sola, ubavu kwa ubavu, kabla ya masika, kisha wasome ujumbe wa vyote viwili hadi vuli.