Cheti cha Nasaba Hakioni Nyonga

Mbwa mzima ana meno 42. Nimeishi na mbwa tangu utotoni na sikulijua hilo hadi Jumapili moja kwenye mashindano ya mbwa, uwanja wa Jamhuri, Nairobi, jaji alipofungua kinywa cha mbwa wetu akaanza kuhesabu. Binti yangu Neema, wakati huo ana miaka 13, alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili kana kwamba kamba ndiyo inayomshika yeye. Mbwa alivumilia kama hadi jino la kumi, kisha akaketi. Tukambembeleza, akajilaza kabisa. Kundi lao lilikuwa na mbwa watatu, na sisi tukawa wa tatu.

Hatukuanza na hamu ya mashindano. Tulianza na mwizi. Nyumbani kwetu Kitengela tuliibiwa pampu ya maji mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili mbwa wetu Bosi, koko halisi wa mtaani, alibweka vizuri tu. Shida ni kwamba Bosi hubweka hata mwezi ukichomoza, kwa hiyo hakuna aliyeamka. Mke wangu akasema safari hii anataka mbwa wa kuogopwa. Tukanunua German Shepherd jike kwa shilingi 35,000, amesajiliwa East Africa Kennel Club, klabu ya wafugaji wa mbwa, ana cheti cha nasaba, yaani cha ukoo wake. Kwenye cheti ana jina refu linaloanza na la banda alikozaliwa. Watoto walimwita Mandazi.

Cheti hicho kilinilevya, sifichi. Mimi babu wa babu yangu simjui hata kwa jina, lakini wa Mandazi ameandikwa, pamoja na vyeo vyake. Nilikuwa nikiwatolea wageni karatasi ile kabla hata chai haijaja.

Siku ya aibu ile ya Jamhuri, mama mmoja mfugaji wa siku nyingi alitufuata kwenye gari. Nilidhani anakuja kutupa pole. Akauliza, "Baba, nyonga za huyu mmezipiga picha?" Hatukuwa tumezipiga. Sikujua hata kwamba nyonga za mbwa hupigwa picha.

Kwa ufupi ni hivi. Kichwa cha mfupa wa paja kinapaswa kukaa vizuri ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mbwa wengi wakubwa, German Shepherd wakiwemo, kikombe huwa hakina kina cha kutosha, mfupa unachezacheza, na miaka ikienda kiungo kinalika. Ugonjwa huu hurithiwa, tena kupitia jeni nyingi, ndiyo maana wazazi wanaotembea vizuri wanaweza kuzaa mtoto kilema. Unene na kumchosha mbwa angali mdogo huzidisha. Huwezi kuuona kwa kumtazama mbwa akikimbia uani. Inabidi alazwe kwa dawa, anyooshwe miguu, apigwe eksirei, kisha picha isomwe na mtu aliyeisomea. Katika mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, daraja ni A hadi E, na A ndiyo safi.

Mandazi alipofikisha miezi 18 tukampeleka. Akapata D.

Hapa ndipo niliposhindwa mtihani, na nausema kwa sababu najua si mimi peke yangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyuma ya risiti ya duka: watoto saba mara 35,000 ni 245,000. Majirani nao walikuwa wamenijaza. "Baba Neema, hiyo mbwa itazaa lini? Mimi niwekee moja dume." Nikamwambia mke wangu tumpandishe mara moja tu, turudishe gharama, kisha basi. Akaniuliza kama nitawaonyesha wanunuzi ile picha. Sikujibu. Juma lililofuata Mandazi akafungwa kizazi.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na biashara hii yetu ya mbwa wa asili safi, wale wenye ukoo ulioandikwa. Mnunuzi wa Nairobi anauliza mambo mawili: ana makaratasi? Masikio yatasimama? Masikio! Husimama yenyewe mtoto akiwa na miezi minne, mitano, na yasiposimama mbwa haumii popote. Makaratasi nayo yanakwambia baba ni nani. Hayasemi kama baba alikuwa akiinuka kwa shida asubuhi. Ukoo ulioandikwa vizuri ni daftari tu, na daftari hutunza kasoro kwa uaminifu uleule linaotunza sifa.

Ajabu ni kwamba aina hii yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1899 afisa wa jeshi la farasi Mjerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akampa jina Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza kwenye daftari la aina hiyo. Alichotaka ni mbwa wa kazi, wa kuchunga kondoo kutwa nzima. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya Crufts kule Uingereza, German Shepherd aliyeshinda aina yake alikuwa na mgongo ulioteremka na mwendo wa kuyumba, watazamaji wakapiga kelele. Tayari tangu 2009 BBC ilikuwa imeacha kurusha Crufts kwa sababu ya mjadala huohuo wa afya za mbwa wa asili safi.

Bosi naye namtetea kwa hoja moja ambayo hunifurahisha kila nikiisimulia. Wageni waliwachukua mbwa wadogo wa misitu ya Kongo, wasiobweka, wakawaita basenji, neno ambalo sisi tukilisikia tunatabasamu kwa sababu ni ndugu yake mshenzi. Mwaka 1937 mshenzi huyo alionyeshwa Crufts na watu wakajaa kumtazama. Kwa kuwa waliochukuliwa walikuwa wachache, damu ikawa finyu, ndugu wakizaliana na ndugu, magonjwa ya kurithi yakajitokeza, likiwemo la figo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walifunga safari kurudi Zaire, yaani Kongo hiyohiyo, vijijini, kutafuta mbwa wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 AKC, klabu ya mbwa ya Marekani, ikafungua daftari lake kuwapokea. Asili safi ilikwenda kumkopa koko damu. Bosi hakujali nilipomweleza.

Hatukuacha ufugaji. Tulichelewa tu. Jike wetu wa pili, Kahawa, tulimnunua baada ya kuona picha za nyonga za baba na mama, na zake zilitoka A. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na mimi nilizihesabu kama mfungwa. Alizaa saba usiku wa mvua, stima ikiwa imepotea, tukawa tunajaza chupa maji ya moto kwa sababu watoto wa siku za kwanza hawawezi kujipasha joto. Wawili walikufa. Neema aliwazika chini ya mparachichi na siku mbili hakuzungumza nami, ingawa sijui nilikuwa nimefanya nini. Ukijumlisha chanjo, chakula na daktari, faida ya watano waliobaki haikununua hata pampu.

Jamhuri tulirudi. Kahawa alisimama imara, meno yakahesabiwa hadi mwisho, tukapata nafasi ya pili. Walikuwa wanne, tafadhali.

Mtu akipiga simu sasa hivi kuulizia watoto wa Desemba, namwambia aje kwanza aone picha mbili za eksirei, ya baba na ya mama, zilizoko juu ya kabati, ndipo tuzungumze bei. Wengi hawaji. Wanaokuja naweka na ya Mandazi kando yake, ile ya D, waone tofauti kwa macho yao, naye akiwa amelala miguuni mwao. Kuhusu masikio siahidi kitu.