Kabla ya kufungua grupu jingine la walimu na watafiti

Magrupu ya WhatsApp ya walimu na watafiti wa ujifunzaji wa kidijitali hapa Arusha na Moshi huzeeka kwa namna moja. Wiki ya kwanza ni salamu na picha za semina, mwezi wa pili ni matangazo, wa tatu ni matangazo ya mikopo. Waliomo ni mamia, wanaosema hawafiki kumi. Halafu tunalaumu programu, tunahamia Telegram, na mambo ni yaleyale.

Kinachokosekana ni kazi ya pamoja. Mtafiti wa Tengeru na mwalimu wa Rombo hawana la kuzungumza mpaka wawe na kitu kimoja mezani. Waanze watu 12 hadi 15, nusu walimu nusu watafiti, na swali moja la muhula mmoja.

Chukua mfano wa Kolibri, programu ya bure ya masomo inayofanya kazi bila intaneti. Shule inaiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, wanafunzi wanaifungua kwa vishikwambi kupitia waifai ya hapohapo. Mwalimu anapakua kumbukumbu za matumizi katika faili la CSV, yaani jedwali la kawaida, na kumpa mtafiti. Rahisi, sivyo? Lakini Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika Ijumaa saa nne asubuhi ukarudi Jumatatu, mashine isiyo na intaneti huamka ikidhani bado ni Ijumaa. Mtafiti aliye ofisini ataandika kwamba Jumatatu watoto hawakugusa kitu. Mwalimu anajua ukweli, ila hakuna aliyemuuliza. Dawa ni kifaa kidogo cha saa, DS3231, chenye betri bapa ya CR2032. Lazima pia kiwashwe kwenye mipangilio, la sivyo kinakaa pale kama pambo. Na pawe na daftari la kuandika kila umeme unapokatika. Daftari hilo lina thamani kuliko mada kumi za semina.

Faili lisitupwe kwenye grupu. Majina ya wanafunzi yageuzwe namba kabla halijatoka shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si mapambo.

WhatsApp yatosha kwa maongezi. Nyaraka zikae kwenye folda moja ya pamoja, na kila Ijumaa mtu mmoja, kwa zamu, aandike mistari kumi ya Kiswahili: kilichoulizwa, kilichojibiwa, kilichobaki. Bila hivyo anayejiunga mwezi wa tatu atauliza ya mwezi wa kwanza. Kikao cha Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na ni afadhali. Kamera izimwe, awashe anayeongea tu, maana video hula bando.

Bando nalo liingie kwenye bajeti ya mtafiti, na jina la mwalimu kwenye ripoti. Kumfanya mwalimu awe mkusanya data wa bure ndiyo njia ya haraka ya kumnyamazisha.

Kalenda je? Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Novemba kidato cha pili na cha nne. Anayezindua kazi Oktoba atajibiwa na ukimya. Januari, wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa, ni bora. Na mara moja kwa muhula watu wakutane ana kwa ana, hata Boma Ng'ombe, kila shule ije na mashine yake iliyogoma.